Mkaa, Maji na Atomu

Kila chanzo cha nishati kina vifo vyake. Mkaa unaua, bwawa linaua, petroli inaua, na atomu nayo imeua. Tofauti iko kwenye idadi, kwenye kasi, na kwenye jambo moja linalosahaulika: kama kifo chenyewe kilihesabiwa. Mfanyakazi aliyekufa baada ya kinu kulipuka Chernobyl ameingia katika kumbukumbu za dunia. Mama aliyepikia kuni miaka arobaini akafa kwa kifua hakuingia popote. Cheti chake, kama kipo, kinasema mapafu, hakisemi jiko.

Gongoni, mojawapo ya kata za Manispaa ya Tabora, ni mahali pazuri pa kuanzia hesabu hii. Kinu cha nyuklia hakipo Tabora, wala hakipo Tanzania nzima. Vingine karibu vyote vipo. Magunia ya mkaa huingia mjini juu ya baiskeli, pikipiki na malori, yakitoka kwenye misitu ya miombo. Mitungi ya gesi inauzwa madukani, malori ya mafuta yanapita, nyaya za gridi ya Taifa ziko juu ya mapaa, na umeme ukikatika jenereta huanza kunguruma mitaani. Hatari za nishati zimekusanyika mahali pamoja, isipokuwa ile inayoogopwa kuliko zote.

Wataalamu hulinganisha hatari hizo kwa kuuliza swali moja: kwa kiasi kilekile cha umeme, watu wangapi hufa? Kiasi kinachotumika ni saa-terawati moja, yaani yuniti bilioni moja, yuniti zilezile zinazonunuliwa kwa LUKU. Huhesabiwa waliokufa kwa ajali, kuanzia mgodini hadi kwenye mtambo, pamoja na waliouawa na hewa chafu. Kwa makadirio yanayotumiwa sana, makaa ya mawe huua watu wapatao 25 kwa kila yuniti bilioni moja, mafuta 18, gesi asilia karibu 3, na nguvu ya maji 1.3. Upepo, nyuklia na jua viko chini kabisa: 0.04, 0.03 na 0.02. Hesabu hiyo ya nyuklia imekwisha kuingiza Chernobyl na Fukushima.

Tanzania huzalisha zaidi ya yuniti bilioni 10 kwa mwaka. Kama bilioni 10 tu zingetoka kwenye makaa ya mawe, kwa viwango hivyo wangekufa watu wapatao 250 kila mwaka. Kama zingetoka kwenye nyuklia, angekufa mtu mmoja kwa kila miaka mitatu hivi. Takwimu hizi zina kasoro zake. Zimejengwa zaidi juu ya hali ya Ulaya, ambako mitambo ina vichujio na wakaguzi wanaolipwa mshahara unaotosha. Kasoro kubwa zaidi ni kwamba hazisemi lolote kuhusu mafiga matatu, kwa sababu mafiga hayazalishi umeme. Kwa Gongoni, na kwa sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, hesabu isiyogusa jikoni imeacha marehemu wengi nje ya daftari.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Kwa Tanzania, idadi ambayo serikali imekuwa ikiitaja katika kampeni ya nishati safi ya kupikia ni vifo 33,000 kwa mwaka. Zaidi ya kaya nne kati ya tano hupikia kuni au mkaa. Moshi wa kuni una chembe ndogo mno, zinazopita pua na koo hadi ndani kabisa ya mapafu, na nyingine huingia kwenye damu. Anayezivuta zaidi ni mama anayepuliza moto, na baada yake mtoto aliye mgongoni. Kwa mtoto hutokea nimonia. Kwa mtu mzima hufuata magonjwa ya mapafu, ya moyo, na kiharusi. Hakuna siku ya ajali. Hakuna king'ora wala wanahabari.

Mkaa hutoa moshi kidogo, na kwa sababu hiyo watu huuamini kupita kiasi. Unapoungua bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshikana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Tabora iko juu ya uwanda wenye kimo cha mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai baridi yake hukaza. Ndipo jiko huingizwa chumbani, dirisha likafungwa, na mlango ukazibwa kwa kanga. Kichwa huuma, mwili hulegea, usingizi huwa mzito. Wengine hawaamki.

Mkaa una madhara mengine yasiyoandikwa kwenye vyeti vya vifo. Huchomwa kwenye matanuu porini, na sehemu kubwa ya nguvu ya mti hupotea humohumo kabla gunia halijafungwa. Miti hiyohiyo hugombewa na mabani ya kukaushia tumbaku, zao ambalo Urambo, Kaliua na Sikonge zinalijua vizuri, na msitu unaosogea mbali ndio huohuo wenye mizinga ya nyuki iliyoipa Tabora sifa ya asali.

Mafuta yanaua kwa namna nyingine: kwa mshindo, na barabarani. Agosti 10, 2019, lori la petroli lilipinduka Msamvu, Morogoro. Watu walikwenda kuchota mafuta, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Julai 2010 ilikuwa zamu ya Sange, Kivu ya Kusini nchini Kongo, walikofariki zaidi ya watu 200. Januari 2009 ilikuwa Sachangwan, karibu na Molo nchini Kenya, na huko pia waliokufa walizidi 100. Ajali hizo tatu peke yake zimeua watu wengi kuliko wale ambao vifo vyao vinaweza kuhusishwa moja kwa moja na mionzi katika historia yote ya vinu vya kuzalishia umeme. Hata hivyo, hakuna aliyetaka petroli ipigwe marufuku. Petroli imezoeleka, na kilichozoeleka hakiogopwi kwa kipimo chake.

Jambo hilo si geni katika njia ya zamani ya Tabora. Karne ya 19, misafara ilipokwenda kutoka Bagamoyo kupitia Ugogo hadi Unyanyembe na kuendelea Ujiji, habari zilizosimuliwa zilikuwa za vita vya mtemi Mirambo na hongo za watemi wa Ugogo. Lakini ndui, kuhara na njaa viliwamaliza wapagazi kimyakimya, kambi baada ya kambi.

Nguvu ya maji ndiyo tegemeo kubwa la umeme wa Tanzania. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Mtambo wa kwanza uliwashwa Februari 2024. Bwawa halitoi moshi wala halihitaji kununuliwa mafuta. Lakini maji mengi yaliyokusanywa juu ya makazi ya watu ni mzigo unaotaka ulinzi wa siku zote. Agosti 1975, mvua ya kimbunga ilivunja bwawa la Banqiao, mkoani Henan nchini China, pamoja na mabwawa mengine kadhaa. Makadirio ya waliokufa kwa mafuriko, kisha kwa njaa na maradhi, yanaanzia 26,000 hadi zaidi ya 170,000. Ajali hiyo moja ndiyo inayoipandisha nguvu ya maji mbali juu ya nyuklia katika takwimu zilizotajwa. Karibu zaidi na nyumbani, Mei 2018 kingo za bwawa la shamba huko Solai, Nakuru, zilibomoka usiku na kuua zaidi ya watu 40. Halikuwa bwawa la umeme, ila maji hayachagui.

Kuna pia hatari ya bwawa kukauka. Mwaka 2006 na tena 2011, kina cha bwawa la Mtera kiliposhuka, nchi iliingia kwenye mgawo mkali wa umeme. Mgawo unapoingia, vibatari hurudi, mishumaa huachwa ikiwaka karibu na vyandarua, jenereta huwekwa koridoni, na hospitali huhesabu lita za dizeli. Ukosefu wa umeme nao ni chanzo cha vifo, na anayepima hatari ya kinu chochote bila kupima hatari ya giza amepima upande mmoja wa mizani.

Atomu sasa. Kinu cha nyuklia, ukikivua sifa zake za kutisha, ni birika kubwa. Kiini cha atomu ya urani kinapopigwa na nyutroni hupasuka, hutoa joto, na hutoa nyutroni nyingine zinazokwenda kupasua viini vingine. Joto huchemsha maji, mvuke huzungusha mtambo, na mtambo huzalisha umeme, kama inavyofanyika kwenye makaa ya mawe. Tofauti ni wingi wa nishati iliyomo. Kidonge kimoja cha urani, kisichozidi ncha ya kidole, hutoa nishati inayokaribia ya tani nzima ya makaa ya mawe. Mtambo wa megawati 1,000 unaotumia makaa ya mawe hula tani zipatazo milioni tatu kwa mwaka. Kinu cha ukubwa huo hutosheka na tani chini ya 30 za mafuta ya nyuklia. Usalama wake wa kawaida unatokana na hapo hapo: machimbo ni madogo, malori ni machache, na hakuna moshi.

Kinu hakiwezi kulipuka kama bomu la Hiroshima. Urani ya vinu vingi vya umeme huwa imerutubishwa kwa asilimia 3 hadi 5. Ya bomu huhitaji kufika karibu asilimia 90. Hatari ya kinu iko kwingine, nayo ni ya kipekee: ukikizima, hakipoi. Mabaki ya atomu zilizopasuka huendelea kutoa joto, mara tu baada ya kuzimwa kama asilimia 6 ya nguvu yote ya kinu, likipungua kwa saa, siku na miezi. Mpishi akiondoa kuni, sufuria huacha kuchemka. Kinu hakina kuni za kuondoa. Kisipopozwa kwa maji, mafuta yake huyeyuka, na mionzi hutafuta njia ya kutoka.

Chernobyl, Aprili 26, 1986, ilikuwa mkusanyiko wa makosa. Kinu chenyewe kilisanifiwa vibaya: katika hali fulani, maji yake yalipogeuka mvuke, nguvu iliongezeka badala ya kupungua. Hakikuwa na jengo zito la zege la kuzuia mionzi. Usiku ule waendeshaji walikuwa wakifanya jaribio huku baadhi ya kinga zimezimwa. Wawili walikufa siku hiyo, na 28 zaidi, wafanyakazi wa kinu na wazimamoto, walikufa kwa mionzi katika miezi michache iliyofuata. Watu wapatao 116,000 walihamishwa mwaka huo. Watoto maelfu walipata saratani ya tezi ya shingo, hasa kwa kunywa maziwa ya ng'ombe waliokula majani yenye aidini ya mionzi. Wengi mno walitibiwa wakapona, na maziwa yale yangeweza kuzuiwa siku ya kwanza kama serikali ya Kisovieti isingeficha. Makadirio ya mashirika ya Umoja wa Mataifa, yaliyotolewa mwaka 2005, yalikuwa kwamba vifo vyote vya muda mrefu miongoni mwa waliopata mionzi mingi huenda vikafika 4,000.

Fukushima ni kisa tofauti. Machi 11, 2011, tetemeko kubwa liliikumba Japani, na vinu vikajizima vyenyewe kama vilivyopangwa. Kisha mawimbi ya bahari yakaruka ukuta na kuzamisha jenereta za dizeli zilizotakiwa kusukuma maji ya kupozea. Vinu vitatu viliyeyuka. Tetemeko na mawimbi viliua watu zaidi ya 18,000, lakini mionzi, kwa hesabu ya serikali ya Japani, imehusishwa na kifo cha mfanyakazi mmoja. Kilichoua zaidi kilikuwa uhamisho wenyewe: zaidi ya watu 2,000, wengi wao wazee, walikufa kutokana na kuondolewa hospitalini na majumbani na kuhangaishwa kwenye makambi. Hofu ya mionzi iliua kuliko mionzi. Hilo halimaanishi kwamba watu hawakupaswa kuhamishwa. Lina maana kwamba mpango mbovu wa kuhamisha watu nao ni sehemu ya hatari ya nyuklia, na nchi isiyoweza kumhamisha mgonjwa wa kawaida kwa usalama haina budi kulipima hilo kabla ya kutia saini mkataba.

Yanabaki mabaki. Mafuta yaliyotumika hubaki na mionzi kwa maelfu ya miaka. Ni machache, yanahifadhika kwenye madimbwi ya maji na makasha ya chuma na zege, na Finland imechimba hifadhi ya kudumu mita zaidi ya 400 ndani ya mwamba huko Olkiluoto. Ila ni nchi chache zilizofika hatua hiyo, na ahadi ya kulinda kitu kwa miaka 10,000 ni nzito kwa serikali yoyote. Majivu ya makaa ya mawe nayo yana chembe za urani, na hakuna anayeyachimbia handaki.

Kwa Tanzania, hata hivyo, hatari ya nyuklia iliyo karibu haitoki kwenye kinu. Inatoka chini ya ardhi. Urani imepatikana Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, na pia katika mbuga za Bahi na Manyoni, palepale misafara ya Tabora ilipokuwa ikikata Ugogo na reli ya kati ikafuata. Mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia ilikubali mpaka wa Pori la Akiba la Selous urekebishwe ili eneo la mgodi wa Mkuju, chini ya asilimia moja ya hifadhi, libaki nje. Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua huko kiwanda cha majaribio cha kuchakata urani. Katika uchimbaji wa namna hii la kuogopwa si mlipuko. Ni vumbi, ni gesi ya radoni kwa wachimbaji, na zaidi ya yote ni maji: kemikali na mabaki ya machimbo yakipenya kwenye maji ya chini ya ardhi, visima vya watu navyo huchafuka.

Historia ya urani inagusa Tabora kwa njia ambayo wachache huikumbuka. Katikati ya karne ya 19, Msiri, mfanyabiashara kutoka upande huu wa Unyamwezi, alifuata njia ya shaba hadi Katanga akajenga huko dola lake. Mwaka 1915, akiwa amekwisha uawa na nchi imekwisha chukuliwa na Wabelgiji, urani iligunduliwa Shinkolobwe, ndani ya Katanga hiyohiyo. Ndiko ilikotoka sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya kwanza ya Marekani. Mgodi ulikuja kufungwa rasmi, lakini wachimbaji wadogo waliingia kutafuta kobalti, na Julai 2004 sehemu yake iliwaporomokea na kuwaua wanane. Hawakuuawa na mionzi. Waliuawa na udongo, kama wachimbaji wa kitu kingine chochote.

Swali la kinu chenyewe litafika, kwa kuwa majirani wamekwisha anza. Afrika Kusini huzalisha umeme wa nyuklia Koeberg tangu 1984, Misri inajenga El Dabaa, Uganda imetaja Buyende, na Kenya ilipochagua Uyombo, Kilifi, wavuvi na wakazi waliandamana mwaka 2024. Tanzania ina Tume ya Nguvu za Atomiki, yenye makao Arusha, ambayo kazi yake ya kila siku ni kupima mionzi kwenye vyakula, hospitali na viwanda. Kusimamia kinu ni kazi nyingine kabisa. Inahitaji mkaguzi anayeweza kumwambia waziri kwamba mtambo hautawashwa leo, na waziri akakubali.

Kuna vikwazo viwili ambavyo mijadala huvipita. Kwanza ni gridi. Kwa kanuni inayofuatwa na wahandisi, mtambo mmoja usizidi kama sehemu moja ya kumi ya gridi, kwa sababu ukizimika ghafla huivuta gridi nzima chini. Kinu cha megawati 1,000 ni kikubwa mno kwa Tanzania ya leo. Na gridi ikianguka, kama ilivyowahi kutokea mwaka 2024 na nchi ikaingia gizani, kinu hubaki kikitegemea jenereta zake kujipoza. Fukushima ilianzia hapo. Pili ni maji. Kinu hutaka maji mengi wakati wote, na Tabora, ambako mito mingi hukauka kiangazi, haina ya kukipa. Kama kitajengwa, kitakwenda pwani au kwenye ziwa. Gongoni itakiona kama inavyoliona bwawa la Rufiji: kupitia kwenye nyaya.

Uamuzi wa takwimu, basi, uko wazi: kinu kilichojengwa vizuri na kusimamiwa vizuri ni salama kuliko karibu kila kinachotumika sasa, na maneno "kusimamiwa vizuri" ndiyo yenye uzito wote. Lakini hakuna kinu, cha nyuklia au cha aina nyingine, kitakachopunguza vifo vya Gongoni kama umeme wake utaishia kwenye taa na chungu kikabaki juu ya mafiga. Mkakati wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Mpaka siku hiyo, mwenye jiko la mkaa na alitoe nje kabla ya kufunga mlango na kulala, hata kama makaa yanaonekana yamezimika.